Adhabu Inayoponya: Tumfanyeje Dereva wa Bodaboda Mzembe?

Kijana alifikishwa kwetu saa tatu usiku, amelazwa juu ya godoro nyuma ya gari la mizigo. Pembeni yake alikuwapo mama aliyekuwa abiria wake. Mfupa wa muundi wake ulikuwa umetoboa ngozi, na jeraha limefungwa kwa kanga. Abiria wa pili, mtoto wa shule, alinusurika kwa michubuko na kuungua shavu la mguu kwa bomba la moshi. Walikuwa wakitoka upande wa Katoro: watu watatu juu ya pikipiki moja, taa ya mbele haiwaki, na kofia ngumu imening'inizwa kwenye usukani.

Nyuma ya gari hilo zilifuata pikipiki nane. Ndugu wa yule mama walitaka kijana apigwe palepale getini. Wenzake wa kijiweni walitaka mambo yaishe kimyakimya, polisi wasijue. Katikati yao alisimama mwenyekiti wa kijiwe, mtu wa makamo, akanivuta kando na kuniuliza: "Daktari, huyu mdogo wetu hii ni mara ya pili ndani ya wiki tatu. Tumfanyeje?"

Usiku ule sikuwa na jibu. Nilikuwa na mguu wa kusafisha. Makala haya ni jibu langu lililochelewa.

Wiki tatu zilizotangulia

Siku ya pili nilikaa kitandani kwa kijana na kumuuliza habari za ajali ya kwanza. Alikuwa amebeba viroba vya mawe kutoka kwenye duara la wachimbaji wadogo kuelekea karashani. Gurudumu la nyuma likateleza kwenye changarawe, naye akagonga kichwa. Wenzake walisema alinyamaza dakika kadhaa, kisha akawa anauliza swali lilelile mara kwa mara: "Pikipiki iko wapi?" Alipelekwa kwenye kituo kimoja cha afya, akashonwa jeraha la paji la uso, akapewa vidonge vya maumivu na kuruhusiwa. Hakuna aliyemwambia asipande pikipiki. Kesho yake alfajiri alikuwa barabarani, kwa sababu tajiri mwenye chombo alikuwa akisubiri hesabu ya siku.

Kwa wiki tatu kichwa kilimuuma kila jioni. Mwanga wa magari ulimchoma macho. Alisahau abiria amesema anashukia wapi. "Nilidhani ni malaria," aliniambia. Alikuwa amenunua dawa za malaria dukani na kuzimaliza bila kupima.

Je, kijana huyu alikuwa mzembe? Ndiyo. Kupakia mshikaki usiku bila taa ni uzembe, na hakuna daktari wa kumtetea kwa hilo. Lakini alikuwa pia mgonjwa. Ubongo uliotikiswa huchelewa kuitikia, hukosea kukadiria umbali, huchoka upesi. Ukitikiswa tena kabla haujapona, hudhurika zaidi. Mambo mawili yalikuwa ndani ya mtu mmoja, na kipigo cha getini kisingetibu hata moja.

Adhabu tulizo nazo

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inatofautisha kuendesha kwa uzembe na kuendesha kwa namna ya hatari, na kwa mwendesha pikipiki kofia ngumu ni wajibu wa kisheria. Kwa makosa madogo ipo faini ya papo kwa papo. Katika bajeti ya mwaka 2021/22 faini hiyo kwa pikipiki na bajaji ilipunguzwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa, kwa kuwa kiwango cha awali kilikuwa kizito mno kwa vijana hawa.

Nimewauliza madereva wengi wodini wanaionaje faini. Wengi huihesabu pamoja na mafuta: gharama ya siku. Anayelipa shilingi 10,000 asubuhi huzifidia kabla ya jioni kwa safari zaidi, mwendo zaidi na abiria wawili badala ya mmoja. Hapo adhabu inazaa kosa lilelile iliyokusudia kulizuia.

Adhabu ya pili ni kipigo cha umati. Hii si adhabu bali ni jeraha jingine. Nimeshona vichwa vilivyopasuliwa na mawe baada ya ajali ambayo haikuwa imepasua kitu.

Ya tatu ni "kuyamaliza kienyeji": mwenye chombo anatoa fedha kidogo, ndugu wanakubali, kijana anarudi barabarani. Kwa mguu uliovunjika muundi, fedha hizo huisha kabla mfupa haujaanza kuunga.

Kutoka uwanja wa farasi

Iko kazi nyingine ambayo vijana hupanda kitu chenye mwendo, hulipwa kwa kuwahi, na hupita sentimita chache kutoka kwa wenzao: mbio za farasi. Jirani zetu wa Kenya wanazo. Tangu mwaka 1954 mbio za Nairobi hufanyika katika uwanja wa Ngong. Msomaji wa Kahama au Nyarugusu anaweza kujiuliza farasi wanahusianaje na bodaboda. Wanahusiana kwa sababu mchezo huo, unaoua na kulemaza wapandaji wake, umekaa na swali la mwenyekiti wetu kwa zaidi ya karne mbili.

Mpanda farasi akimkata mwenzake njia, wasimamizi wa mbio humwita siku hiyohiyo. Picha za mbio huangaliwa, naye husikilizwa, na yule aliyekatwa njia husikilizwa pia. Kisha kosa hupewa jina. Huko Uingereza, kwa mfano, upandaji wa kizembe ni daraja moja, upandaji usiofaa ni daraja la juu yake, na upandaji wa hatari ni daraja la juu kabisa. Ikionekana ilikuwa bahati mbaya tu, farasi aliyumba mwenyewe, hakuna adhabu. Kwa uzembe, adhabu ya kawaida ni kuzuiwa kupanda kwa siku kadhaa. Kosa likirudiwa, siku huongezeka. Asiyeridhika hukata rufaa.

Jambo la pili lanigusa zaidi kama tabibu. Katika mbio zinazosimamiwa vizuri, gari la wagonjwa huwafuata wapandaji mbio zinapokimbia. Anayeanguka hukaguliwa na daktari wa uwanja kabla ya kupanda tena. Akishukiwa kuwa na mtikisiko wa ubongo, huondolewa, na harudi mpaka daktari amwidhinishe, hata kama anaapa kuwa ni mzima. Siku hizo si adhabu, na hakuna anayeziita hivyo. Uzembe una mlango wake na jeraha la kichwa lina mlango wake, ila yote miwili humtoa mtu juu ya farasi kwa muda.

Hatuwezi kuyachukua yote. Mpanda farasi ana leseni, bima na daktari anayelipwa na waandaaji. Kijana wa kijiweni ana mkataba wa mdomo na mtoto anayesubiri unga. Lakini mambo matatu tunaweza kuyachukua bila gharama kubwa: kulipa kosa jina lake, kumsikiliza mhusika mbele ya watu wanaoijua kazi, na kufanya mapumziko kuwa ndiyo adhabu.

Kijiwe kama baraza

Watu wa Shinyanga na Geita hawahitaji kufundishwa nguvu ya jamii kujisimamia. Sungusungu walianzia katika nchi hii ya Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wizi wa ng'ombe ulipokuwa umeshinda vyombo vya dola. Silaha yao kubwa ilikuwa kutengwa: mkosaji asisalimiwe, asiazimwe jembe, asisaidiwe msibani. Walijua kwamba mtu huogopa zaidi kukosa wenzake kuliko kukosa shilingi. Tunajua pia walikoteleza: pale viboko vilipochukua nafasi ya kusikiliza, na wasio na hatia wakaumia.

Kijiwe chenye uongozi kinaweza kuchukua lile jema na kuacha lile baya. Nilimpendekezea mwenyekiti utaratibu huu:

Kwanza, daftari. Kila ajali na kila karibu-ajali iandikwe: tarehe, saa, mahali, idadi ya abiria, kofia ilivaliwa au la, taa iliwaka au la.

Pili, kikao ndani ya siku moja au mbili, chenye madereva watatu wazoefu wasio ndugu wa mhusika. Dereva aeleze, na abiria aeleze. Kisha waamue: ni bahati mbaya, ni uzembe, au ni ukaidi wa hatari kama vile kuendesha akiwa amelewa.

Tatu, adhabu iwe siku za kutopakia abiria, zikiongezeka kwa kosa la kurudia. Kipigo kipigwe marufuku kabisa.

Nne, mwenye chombo ashirikishwe. Tajiri anayedai hesabu kamili kwa siku ambazo kijana amepumzishwa ndiye anayemrudisha barabarani. Mfuko wa kijiwe, ambao mara nyingi hutumika kwa misiba, unaweza kusaidia unga wa siku hizo.

Tano, mpaka ujulikane. Mtu akijeruhiwa au kufa, kesi ni ya polisi na mahakama. Kijiwe hakina mamlaka ya kuifuta.

Kwa watumishi wenzangu

Sehemu ya aibu katika kisa hiki ni ya kwetu. Kijana alipita mikononi mwa mtoa huduma na akatoka bila neno moja kuhusu kichwa chake. Kila dereva anayekuja baada ya kuanguka, hata kwa mchubuko, aulizwe: Ulipoteza fahamu? Unakumbuka ulivyoanguka? Ulitapika? Kichwa kinauma? Akiwa na dalili, aambiwe, ndugu yake akisikia, kwamba siku mbili za mwanzo apumzike, kisha arudie shughuli nyepesi zisizozidisha dalili. Pikipiki iwe ya mwisho kurudiwa, baada ya dalili kuisha na kukaguliwa upya. Andika hayo kwenye karatasi na ugonge muhuri. Karatasi hiyo ndiyo atakayomwonyesha tajiri.

Mgonjwa wa dharura ahudumiwe kwanza, fomu ya PF3 ifuate. Mfupa uliotoboa ngozi unahitaji dozi ya kwanza ya antibayotiki mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa moja, pamoja na kinga ya pepopunda. Usimwulize kama ana kosa kabla hujamfungia gango. Wodini hakuna mshtakiwa.

Kwa dereva, abiria na ndugu

Mrudisheni hospitali haraka aliyeanguka ikiwa kichwa kinazidi kuuma, anatapika mara kwa mara, anasinzia na ni vigumu kumwamsha, anachanganyikiwa, anapata degedege, mkono au mguu unalegea, mboni za macho hazilingani, au damu au maji yanatoka puani au masikioni. Dalili hizi zinaweza kuanza saa kadhaa au siku kadhaa baadaye.

Kofia ngumu ivaliwe na ifungwe mkanda. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2008 yalikadiria kwamba humpunguzia mpanda pikipiki aliyepata ajali hatari ya kuumia kichwa kwa takribani asilimia 69 na ya kufa kwa takribani asilimia 42. Kofia iliyoning'inia kwenye usukani haimpunguzii chochote.

Majeruhi asibebwe mshikaki kwenda hospitali. Bonyeza panapovuja damu kwa kitambaa safi, mkimsogeza, shingo na mwili vikae katika mstari mmoja, funga mguu kwenye ubao au kwenye mguu mzima, kisha tafuteni gari. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limewaondolea wagonjwa wa Geita wanaopelekwa Bugando kungoja kivuko. Lakini dakika za mwanzo bado ziko mikononi mwa waliopo barabarani. Na mguu uliovunjika na kutoboa ngozi usipelekwe kwanza kwa muunga mifupa. Mwenye ujuzi huo akipokea mgonjwa wa namna hiyo, ujuzi wake uonekane kwa kumleta kwetu siku hiyohiyo.

Baada ya miezi mitano

Yule mama sasa anatembea kwa gongo moja. Mfupa wake umeunga polepole, na bado hajarudi kuuza nyanya gulioni. Kesi ya kijana ilikwenda polisi, na kijiwe hakikuizuia. Alipumzika wiki tano kwa karatasi yangu, kisha kijiwe kikamwongezea wiki mbili za kutopakia abiria kwa ajili ya mshikaki na taa. Alizitumia kufua pikipiki za wenzake kwa malipo kidogo.

Mwenyekiti alikuja kliniki mwezi uliopita na daftari lake. Kurasa nne zilikuwa zimejaa. Madereva wawili waliopewa siku za kupumzika walikataa na kuhamia kijiwe kingine. Tajiri mmoja alimpa kijana mwingine pikipiki kesho yake asubuhi. Ameniomba twende pamoja tukaongee na wenye vyombo, na tumepanga Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao.