Cheni Imechakaa: Uifunge Mwenyewe au Umlipe Fundi?

Mama, baiskeli ya nyumbani ndiyo inayopeleka mahindi mashineni na mtoto zahanati. Cheni ikianza kuruka mlimani, nawe una mtoto mgongoni, usingoje mwisho wa mwezi. Je, umlipe fundi au uibadilishe mwenyewe?

Kwanza pima. Chukua rula ya shule yenye inchi. Anza katikati ya pini moja ya cheni, kisha uhesabu pini 20 zinazofuata. Cheni nzima huangukia inchi 10 barabara. Ikizidi hapo kwa milimita 2 na nusu, imekwisha.

Pili, tazama meno yanayoshika cheni, mbele na nyuma. Kama hayajalika, kazi ni yako. Kwa baiskeli ya kawaida isiyo na gia, legeza nati za gurudumu la nyuma, kisha ufungue klipu ya cheni kwa koleo. Linganisha cheni mpya kwa idadi ya pingili, si kwa urefu, maana ile ya zamani imerefuka. Ikiwa na pingili za ziada, muuzaji aipunguze. Upande wa klipu usio na mwanya uelekee inakokwenda cheni. Mwishowe kaza nati barabara.

Lakini meno yakiwa yamechongoka kama ndoana, mpelekee fundi. Kuyatoa ya nyuma kunahitaji kifaa maalumu, na cheni mpya juu ya meno mabovu huharibika upesi.

Basi pima leo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.