Uji mtupu haumkuzi mtoto: Elimu ya lishe yahitajika mitaani

WENGI katika mitaa ya Likoni, Kisauni na Changamwe humwona mtoto mfupi kuliko wenzake wakadhani amerithi tu kimo cha wazazi wake. Huenda, hata hivyo, mtoto huyo amedumaa kutokana na lishe duni na maradhi ya mara kwa mara. Kudumaa hakuishii kwenye kimo, bali huathiri pia ukuaji wa ubongo na uwezo wa mtoto kusoma shuleni.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya Wakenya walio chini ya umri wa miaka 5 walikuwa wamedumaa, ikilinganishwa na asilimia 26 mnamo 2014. Licha ya ufanisi huo, Kilifi, kaunti inayopakana na Mombasa, ilikuwa na asilimia 37, kiwango cha juu zaidi nchini.

Wakati mwafaka wa kuzuia hali hii ni siku 1,000 za kwanza, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto atimize miaka 2. Baada ya hapo ni vigumu kurekebisha madhara yake.

Shirika la Afya Duniani (WHO) hupendekeza mtoto apewe maziwa ya mama pekee, bila hata maji, kwa miezi 6. Lakini likizo ya uzazi yenye malipo nchini ni miezi 3. Mama anayefanya kazi viwandani Changamwe, au anayevuka feri ya Likoni kila alfajiri, humwacha mwanawe kabla ya muda huo kutimia. Mama huyo anaweza kukamua maziwa, yakahifadhiwa katika chombo safi chenye kifuniko, na mtoto akanyweshwa kwa kikombe. Aidha, Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri kutenga mahali pa kunyonyeshea. Hiyo ni haki, wala si hisani.

Baada ya miezi 6, maziwa pekee hayatoshi. Uji mwepesi wa mahindi hujaza tumbo dogo la mtoto bila kumjenga mwili. Yafaa uwe mzito, usiochuruzika kijikoni, na uandamane na vyakula vingine: dagaa waliosagwa, kunde au mbaazi zilizopondwa, yai, mchicha, papai au embe. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 hulishwa mara 2 au 3 kwa siku. Kuanzia miezi 9, mara 3 au 4, huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi.

Usafi nao ni muhimu. Maji yanayonunuliwa kwa mikokoteni yachemshwe, kwani kuhara mara kwa mara humnyima mtoto manufaa ya chakula alichokula.

Elimu hii haipasi kuwafikia akina mama pekee. Baba ndiye mara nyingi atoaye pesa za matumizi, naye nyanya au mama mkwe ndiye abakiye na mtoto. Wahudumu wa afya ya jamii wanaozuru nyumba kwa nyumba wawakutanishe wote.

Kliniki nayo, mzazi aombe mtoto apimwe urefu na kipimo kiandikwe katika kijitabu chake, kwa sababu uzani pekee hauwezi kufichua kudumaa.