Tauni ilipomaliza vibarua, ujira ulipanda

Baada ya kipindi chetu kuhusu tauni iliyopita Ulaya karne ya 14, wengi mliuliza: waliobaki hai waliishije? Tuitazame Uingereza, ambako kumbukumbu nyingi za mashamba na mahakama za wakati huo zipo hadi leo.

Ugonjwa uliingia kwa meli upande wa kusini mwaka 1348. Hadi mwisho wa 1349 ulikuwa umeua kati ya theluthi na nusu ya watu wote. Ardhi ilibaki palepale. Mazao yalikomaa, mifugo ikazurura bila mchungaji, wa kuvuna hawapo.

Kabla ya hapo watu walikuwa wengi kuliko mashamba. Wakulima wengi walifungwa kwa bwana wa ardhi: walimlimia siku kadhaa kila wiki bila malipo, na kuhama hadi awape ruhusa. Sasa mizani ikageuka. Kibarua akiona malipo madogo, anakwenda kijiji cha jirani, na bwana wa huko haulizi ametoka wapi. Aliyewahi kutafuta watu wa palizi wakati kila mtu anapalilia anaelewa.

Mabwana wakakimbilia sheria. Mwaka 1349 Mfalme Edward III aliamuru ujira urudi ulivyokuwa kabla ya tauni, na asiye na shamba wala shughuli yake, kama ana nguvu na hajafika miaka 60, asikatae kazi. Mwaka 1351 Bunge likapanga hadi ujira wa kuvuna: wiki ya kwanza ya Agosti, peni 2 kwa siku, basi. Wengi walishtakiwa na kutozwa faini. Lakini mavuno yakibana, mabwana haohao walilipa zaidi kimyakimya.

Unafuu haukuja upesi, maana bei za vyakula nazo zilipanda. Ni mwishoni mwa miaka ya 1370, nafaka iliposhuka bei, ndipo ujira ulianza kununua vya kutosha.

Mwaka 1381 kodi ya kichwa iliwasha moto. Wakulima wa Essex na Kent waliingia London wakidai kufunguliwa. Mfalme Richard II, kijana wa miaka 14, aliwakubalia. Kiongozi wao Wat Tyler alipouawa, akaifuta ahadi. Hata hivyo, wa kulima walikuwa bado wachache. Taratibu mabwana wakaanza kukodisha mashamba kwa fedha, na kufikia mwaka 1500 wakulima waliofungwa kwa bwana walikuwa wamebaki wachache sana.