Konokono wa Unyamwezi

Mwaka 1856 ilichapishwa mjini Gotha, Ujerumani, katika jarida la jiografia la August Petermann, karatasi moja ya ramani ambayo tangu siku hiyo haijaacha kuchekwa. Walioitunga ni wamisheni wawili wa Rabai, nyuma ya Mombasa, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann; na ndani yake, mahali ambapo leo mtoto wa shule huonyesha kwa kidole maziwa matatu, Nyanza, Tanganyika na Nyasa, palikuwa na bahari moja adhimu iliyolala kutoka kando ya Ikweta hadi yapata digrii 13 za kusini, yenye mwili mnene upande wa juu na mkia mwembamba uliopinda upande wa chini, na kwa umbo ikafanana mno na konokono asiye na kombe, hata wageni waliofika kwenye Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia, London, ilikotundikwa, walikuwa wakiitazama, wakicheka na kutikisa vichwa.

Kucheka ni rahisi, ila kabla msomaji hajaungana na mabwana wale yafaa atazame jinsi bahari hiyo ilivyopatikana. Erhardt alikaa Tanga miezi kadhaa mwaka 1854, katika bandari iliyokuwa ikitoa misafara ya bara, akizungumza na wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili waliokwisha kwenda na kurudi, wakiongoza wapagazi waliochukua merikani na shanga wakati wa kwenda na pembe za ndovu wakati wa kurudi. Aliyeshika njia ya kaskazini alihadithia kuwa mwisho wa safari yake ni maji ambayo ng'ambo yake haionekani. Aliyetoka Mrima, mkabala wa Unguja, akapita Unyamwezi hadi Ujiji, alisema vivyo hivyo. Na aliyeanzia Kilwa akaelekea kusini-magharibi naye hakuwa na habari nyingine ila ya maji makuu. Riwaya zote tatu zilikuwa sahihi. Wamisheni wawili ndio waliozichukua fukwe tatu, kila moja mbali na mwenziwe kwa mwendo wa majuma mengi, wakaziunga kwa mstari mmoja wa wino, na kosa lote la ramani ile limo katika mstari huo, halimo katika ushahidi.

Kwa hiyo mimi humwona konokono yule kuwa na heshima kupita ramani nyingi zilizochorwa kwa mkono mzuri zaidi. William Desborough Cooley, mwanajiografia wa London ambaye hakupata kuikanyaga nchi hii, aliposikia kuwa Rebmann ameona theluji juu ya Kilimanjaro mwaka 1848, alimfanyia istihizai hadharani, na katika kitabu chake cha mwaka 1852 akashikilia kuwa theluji hiyo ni ndoto. Jean-Baptiste d'Anville, Mfaransa mwenye insafu, aliifuta mwaka 1749 milima na miji ya kubuni, akaiacha sehemu kubwa ya bara letu nyeupe. Akasifiwa, na alistahiki kusifiwa, ingawa weupe ule nao ulipotosha kwa namna yake, maana mtazamaji wa Ulaya alidhani kuwa pasipoandikwa kitu hapana watu, hapana soko wala njia. Ama Milima ya Kong, ambayo Mwingereza James Rennell aliipanga Afrika Magharibi mwaka 1798 kama ukuta mrefu, ilinakiliwa na mchoraji mmoja baada ya mwingine kwa miaka ipatayo 90, mpaka Louis-Gustave Binger alipopita huko kwa miguu asiione.

Konokono hakuishi miaka mitatu. Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka Unguja mwezi wa Juni 1857 wakiwa na nakala ya ramani ile, na walipofika Kazeh, ambayo ni Tabora, wakapokewa na Sheikh Snay bin Amir, tajiri wa Kiomani aliyeyajua mambo ya bara kwa miguu na kwa mizani. Speke alimfunulia ramani, na sheikh akaeleza bila taabu kuwa wamisheni wameyachanganya maziwa matatu kuwa moja. Basi Jumuiya ile ya London ingeweza kujipunguzia gharama nyingi kama ingalipata njia ya kumwuliza yeye kwanza! Februari 1858 wasafiri wakaiona Tanganyika, na tarehe 3 Agosti Speke, akiwa peke yake, akaiona Nyanza kutoka upande wa Mwanza.

Vipimo vya baadaye vimeonyesha kuwa bahari ile isingeweza kuwako hata kidogo: Nyanza imekaa kiasi cha mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Tanganyika kiasi cha 770, na Nyasa haizidi 500, tena maji ya kwanza huenda na Nile hadi Bahari ya Mediterania, ya pili hupita Lukuga na Kongo hadi Atlantiki, na ya tatu hushuka kwa Shire na Zambezi mpaka Bahari ya Hindi.

La ajabu ni lililofuata. Burton, kwa uhasama wake na Speke juu ya chimbuko la Nile, alidai mwaka 1864 kuwa Nyanza si ziwa moja bali ni maziwa kadhaa yaliyokaribiana, akipasua kimoja kuwa vingi baada ya Erhardt kuunga vingi kuwa kimoja. Ubishi huo ulikatwa na Henry Morton Stanley, aliyeleta mashua iliyobebwa vipande vipande na wapagazi kutoka Bagamoyo, akaizunguka Nyanza kati ya Machi na Mei 1875, akachora ziwa moja. Hata hivyo mwaka 1889, alipokuwa akirejea pwani pamoja na Emin Pasha, alipita kusini-magharibi ya Nyanza akakuta ziwa limeingia bara kupita alipokuwa ameandika yeye mwenyewe, ikambidi kuirekebisha ramani yake.