Pango au papa? Nilichagua kwa uoga, nusura nijute

Mama alishika kichwa nilipomwambia naenda kuzamia Meksiko. Kwetu Dar kuzamia ni kule kwa vijana wa bandarini: unajibanza kwenye meli usiku, ukijaaliwa unaibukia Durban au Ugiriki, usipojaaliwa unatoswa baharini. "Mwanangu, umekosa nini hapa nyumbani?" Ikabidi nimweleze kwamba viza ninayo, tiketi ninayo, na kuzamia huku ni kwa mtungi wa hewa mgongoni, unakwenda kutazama samaki, na unalipa mwenyewe. Akanitazama. "Unalipa?" Hapo ndipo alipoamini kwamba mtoto wake amerukwa na akili.

Basi bwana, kaka yangu anabeba boksi Houston. Tulichanga miaka mitatu ili tukutane mahali pa kutanua, na Februari tukaruka hadi Cancún, kisha tukachukua basi mpaka Playa del Carmen. Siku tano tu. Tulipotoa hela ya hoteli na chakula, tukabaki na mshiko wa kuzamia siku moja. Hapo kasheshe likaanza, kwa sababu Playa ina vitu viwili ambavyo watu huvuka bahari kuvifuata, nasi tulikuwa na uwezo wa kimoja.

Kaka alitaka papa. Mimi nilitaka pango.

Papa wenyewe si wale wapole tunaowajua Mafia, papa potwe, ambao unaogelea nao huku ukicheka. Hawa wenyeji huwaita tiburón toro, yaani papa fahali. Kila mwaka, kuanzia Novemba hadi Machi hivi, majike wenye mimba husogea karibu kabisa na ufukwe wa Playa. Boti inakupeleka dakika chache tu, unashuka mita 20 na ushei, unapiga magoti mchangani kama uko kanisani, nao wanapita mbele yako. Mmoja anaweza kufika mita tatu. Ndiye huyu huyu anayepanda mto Zambezi, maana maji yasiyo na chumvi hayamsumbui. Na yumo katika aina tatu zinazoongoza kwenye rekodi za watu kuumwa na papa. Sasa wewe unaniambia nikampigie magoti?

Pango nalo ni habari nyingine. Rasi ya Yucatán ni chokaa tupu. Mvua ikinyesha haitengenezi mito juu ya ardhi, inazama na kuula mwamba kwa chini. Paa la pango likiporomoka, linabaki shimo la maji safi linaloitwa cenote, jina lililotoka kwa Wamaya. Enzi za barafu bahari ilikuwa chini sana na mapango yalikuwa makavu, ndiyo maana ndani yake kuna mawe yaliyochirizika kutoka darini kama nta ya mshumaa. Mwaka 2007 wazamiaji walikuta mifupa ya msichana wa miaka kama 15 katika shimo la Hoyo Negro. Walimpa jina la Naia, na wataalamu wanasema aliishi kati ya miaka 12,000 na 13,000 iliyopita. Mwaka 2018 wakagundua kwamba mapango ya Sac Actun na Dos Ojos yameungana chini kwa chini, jumla kilomita 347. Hapo umekaribia kwenda Morogoro na kurudi, njia nzima iko ndani ya maji!

Kwenye picha maji ni kama kioo, mwanga unashuka kama mapazia, na hakuna meno hata moja. Nikamwambia kaka, mimi mtoto wa watu, siendi kuliwa. Akanung'unika, lakini kwa kuwa mimi ndiye mdogo, akakubali.

Jioni tukaenda kwenye duka la wazamiaji kujaza fomu. Una pumu? Hapana. Moyo? Hapana. Nikafika kwenye swali moja, kalamu ikasimama. Umewahi kupatwa na taharuki ukiwa chini ya maji?

Mpenzi msomaji, hapa naomba nikuambie kitu ambacho hata mama hakijui. Mwaka uliotangulia, nikiwa Nungwi muda mfupi baada ya kupata cheti, maji yaliingia kwenye miwani yangu tukiwa mita nane chini. Yakanipanda puani. Nilisahau kila nilichofundishwa, nikafyatuka kwenda juu kama kizibo cha soda. Mwalimu alinidaka mguu na kunipunguza mwendo. Ukipanda hivyo huku umebana pumzi, hewa inatanuka na mapafu yanaweza kuchanika. Nilipofika juu nilicheka, nikasema miwani ilikuwa mbovu. Haikuwa mbovu.

Kaka alichungulia fomu. "Andika hapana, mdogo wangu. Nani atajua?"

Kweli, nani angejua? Nilikaa na ile kalamu dakika nzima. Nikafikiria miaka mitatu ya kuchanga, na yeye na zamu zake za usiku. Halafu nikaandika ndiyo. Kaka akapumua kwa nguvu, akatoka nje.

Kiongozi wetu alikuwa mwanamama wa makamo, mpole, hana makuu. Aliisoma fomu akaniuliza, "Siku ile ulikimbilia wapi?"

"Juu."

"Na pangoni, juu kuna nini?"

Nikakaa kimya. Juu kuna jiwe.

Jamani, jibu hilo lilinikata maini. Muda wote nilikuwa nachagua kwa kutazama meno. Kumbe swali ni moja: likitokea la kutokea, unatokea wapi? Mwanamama akanieleza wanavyofanya. Mgeni asiye na cheti cha mapango haruhusiwi kupita sehemu inayofikiwa na mwanga wa jua. Kiongozi mmoja huchukua watu wasiozidi wanne. Kila mtu ana tochi, na mnafuata kamba iliyofungwa njia nzima. Hewa inagawanywa mafungu matatu: theluthi ya kuingilia, theluthi ya kutokea, theluthi ya akiba. Na ndani kuna mabango yenye picha ya mauti kashika mundu, yakikuambia simama, usipite hapa. Mmarekani Sheck Exley, aliyeandika kitabu cha kanuni hizo mwaka 1979, mwenyewe alifia Meksiko, katika cenote ya Zacatón, Aprili 1994, akijaribu rekodi ya kina. Pango halina upendeleo.

"Basi nikazamie papa," nikasema kwa unyonge.

Akatabasamu. Alisema papa si mnyama wa kudharau, ila hofu yetu kwake imezidi kipimo. Nami baadaye nilikuta takwimu: mwaka 2024, dunia nzima, walioumwa na papa bila kuwachokoza walikuwa 47. Sisi binadamu, kwa makadirio ya watafiti mwaka 2013, tunaua papa kama milioni 100 kila mwaka. Nani amwogope mwenzake? Lakini cheti changu kinaishia mita 18, na hao papa wako chini zaidi ya hapo. Halafu mtu wa kufyatuka kama kizibo akifyatuka kutoka kina hicho, papa hana haja hata ya kumsogelea, ameshajimaliza mwenyewe.

Kwa hiyo pango hapana, papa hapana. Safari nzima imekwenda na maji!

Kaka alikuwa nje amekaa juu ya mitungi. Cheti chake kilimruhusu kwenda kwa papa asubuhi yake bila mimi, na nilimwambia aende. Hakujibu. Asubuhi nilimkuta kavaa, kaweka miwani mbili mezani. "Twende kwenye matumbawe, mita kumi. Nataka nione hiyo miwani mbovu," akasema.

Nilikoma! Tulipiga magoti mchangani, akanionyesha kwa kidole: vua. Mara ya kwanza niliikwamua kidogo tu, maji yakaingia, moyo ukaenda mbio, miguu ikataka kuruka. Kaka alikuwa amenishika mkanda wa begani, ananitazama machoni. Nikavuta hewa, nikatoa, nikavuta, nikapulizia puani mpaka maji yakatoka. Mara ya pili nusu ya miwani. Mara ya tatu niliivua kabisa, nikahesabu hadi thelathini, nikaivaa. Nilipofumbua macho kasa alikuwa anapita zake, hana habari na sisi. Siku yetu ya pekee ya kuzamia iliishia hapo.

Sasa wewe unayefikiria kwenda kujirusha huko, nikuachie machache. Kama ukiona giza unatweta, au hujawahi kuvua miwani chini ya maji kwa hiari, pango liache kwanza. Kama cheti chako hakifiki kina chao, papa waache kwanza. Uliza kama wanawarushia papa chakula, maana hapo mnyama anafika akiwa na hamu. Ukizamia mara kadhaa, ngoja angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Na ile fomu, ndugu yangu, ijaze kwa ukweli, hata kama aliyekulipia anachungulia.

Mama aliponiuliza niliona nini huko nilikolipia, nilimwambia kasa. Akasema kasa si wapo Mafia? Sikumbishia. Tumeanza kuchanga upya na kaka. Papa watarudi Novemba, na mapango yamengoja miaka elfu na elfu, sidhani kama yatashindwa kunisubiri miwili.