Je, Wajua? Kanisa Ambalo Mchungaji Wake Haonekani Julai Nzima

Je, wajua kwamba yako makanisa Marekani ambayo jua la Julai likishawaka, mchungaji hufunga virago akaondoka na hakuna anayemlaumu? Ndivyo walivyo Waunitariani-Wauniversalisti. Kwao ni kawaida mchungaji kupewa mwezi mmoja wa likizo na mwingine wa kujisomea, na wengi huiunganisha yote miwili majira ya joto. Wenyewe hutaniana kwamba wao ndio watu pekee ambao Mungu anawaamini kiasi cha kuwaacha miezi miwili bila msimamizi.

Je, wajua desturi hiyo ilitoka wapi? Ilitoka kwa wenye nazo wa Boston, karne ya 19. Joto lilipopanda walihamia pwani na milimani, mchungaji akafuata nyayo, na milango ya kanisa ikafungwa hadi Septemba. Siku hizi wanaofunga kabisa ni wachache, lakini kalenda bado inafuata likizo za matajiri waliokwisha kufa zamani.

Je, wajua ni akina nani hasa hawa? Ni madhehebu mawili yaliyoungana mwaka 1961. Waunitariani, waliounda chama chao mwaka 1825, walikataa fundisho la Utatu. Wauniversalisti walifundisha kwamba mwishowe kila mtu ataokolewa. Mzaha wa tangu enzi za mababu zao unasema hivi: Wauniversalisti huamini Mungu ni mwema mno hata asiweze kumchoma mtu moto milele, Waunitariani huamini wao wenyewe ni wema mno hata wasistahili kuchomwa. Leo hakuna ungamo la imani ambalo ni lazima ulikiri ndipo upokewe. Benchi moja laweza kumkalisha Mkristo, Mbudha, mwenye asili ya Kiyahudi na mtu asiyemwamini Mungu hata kidogo. Sharika zao Marekani ni kama 1,000 hivi, na nyingi ni ndogo, za watu wanaojuana majina hadi ya mbwa.

Basi mchungaji akishaondoka, nani hupanda mimbarini? Yeyote mwenye neno. Jumapili moja ni muuguzi mstaafu, inayofuata ni mfuga nyuki aliyekuja na mzinga mtupu chini ya kwapa. Waumini wamevaa kaptula na ndala, kwaya iko likizoni, na baada ya mahubiri mkono unanyooshwa: “Hapo sikubaliani nawe.” Baadhi ya mahubiri hayo, kusema kweli, ni somo la bustani lililotiwa dua mwanzo na mwisho. Lakini kwa kanisa dogo ndicho kipimo. Usharika unaoweza kwenda wiki nane bila mchungaji unajua kwamba kanisa ni la nani.

Je, wajua kwamba mwaka wao wa fedha kwa kawaida huanza Julai 1? Kwa hiyo kabla ya raha huja hesabu. Mei au Juni waumini hukaa katika mkutano mkuu wa mwaka, wakapitisha bajeti na kuchagua viongozi. Hakuna askofu wa kuwaamulia. Hata mchungaji huajiriwa kwa kura yao. Ukitaka kupiga kura, kwanza tia sahihi kitabu cha washiriki. Ndiyo kusema paa linalovuja laweza kujadiliwa kwa muda mrefu kuliko uzima wa milele.

Je, wajua kuhusu ibada yao ya maua? Hii inastahili kusimuliwa kwa kituo. Norbert Čapek alikuwa mchungaji Mbaptisti aliyeacha madhehebu yake, akajiunga na Waunitariani akiwa Marekani, kisha akarudi Prague na mkewe Maja kuanzisha usharika. Wengi wa waliomfuata walikuwa wameuacha Ukatoliki na hawakutaka tena mkate na divai. Alihitaji tendo la kuwaunganisha ambalo lisingemkwaza yeyote. Juni 1923 akawaambia kila mmoja aje na ua moja, la bustanini au la kando ya njia. Waliyatia yote katika vyombo pamoja, na wakati wa kutoka kila mtu akachukua ua ambalo si lile alilokuja nalo. Hakuna la zaidi. Maja alikwenda Marekani, vita vikamzuia kurudi, na mwaka 1940 akaifundisha ibada hiyo kwa usharika wa Cambridge, Massachusetts. Mumewe alikamatwa na Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, mwaka 1941, akapelekwa kambi ya Dachau, na mwaka 1942 Wanazi wakamuua. Leo sharika nyingi huiadhimisha ibada hiyo mwishoni mwa masika au mwanzoni mwa Juni, na ni mojawapo ya siku chache za mwaka ambapo watoto hawahitaji kubembelezwa ili wakae kanisani.

Je, wajua kwamba hata Siku ya Watoto katika makanisa ya Marekani ina mkono wao? Katika miaka ya 1850 Charles Leonard, mchungaji wa Wauniversalisti mjini Chelsea, Massachusetts, aliitenga Jumapili moja ya Juni kwa ajili ya watoto.

Je, wajua kwamba Olympia Brown aliwekewa mikono kuwa mchungaji wa Wauniversalisti Juni 1863? Wakati huo wanawake wa Marekani hawakuwa na haki ya kupiga kura kitaifa. Aliishi hadi akapiga kura mwaka 1920.

Je, wajua kwamba hotuba yao moja iliyozua zogo kubwa ilitolewa usiku wa joto, Julai 15, 1838? Mwandishi Ralph Waldo Emerson aliwaambia wahitimu wa uchungaji wa Harvard kwamba mahubiri ya zama zao yamekauka. Joto lote hilo, naye akawasimulia siku ya theluji: alikaa kanisani akimsikiliza mhubiri, akaona theluji iliyokuwa ikianguka nje ya dirisha ina uhai kuliko maneno ya mimbarini. Harvard haikumwalika tena kuhutubia kwa karibu miaka 30.

Je, wajua kuna kisiwa kizima? Star Island, cha New Hampshire, kama kilomita 10 kutoka bara. Waunitariani walianza kukutana huko mwaka 1897, na mwaka 1915 wakaunda shirika lililokuja kukinunua. Familia hufika kwa meli, hulala katika hoteli ya mbao ya karne ya 19, asubuhi husikiliza mihadhara, mchana huogelea. Vijana wanaofua mashuka na kupakua chakula huitwa “mwari”, yaani wale ndege wa midomo mirefu. Jioni watu hupanga mstari mmoja na kupanda mwamba kimya kimya hadi kanisa dogo la mawe. Hakuna umeme humo; kila mtu huja na fanusi yenye mshumaa, akaitundika, na mwanga wote wa ibada ni huo waliokuja nao. Siku ya kuondoka, walio gatini huwapigia kelele walio melini kwamba watarudi, na walio melini hujibu kwamba ndiyo, watarudi. Nao hurudi, na wajukuu juu.

Upande wa Wauniversalisti kuna kituo cha Ferry Beach, Saco, katika jimbo la Maine, ambako mchungaji wao Quillen Shinn alihamishia mikutano yake ya majira ya joto mwaka 1901.

Na chakula? Usharika mdogo hauna mpishi, kwa hiyo kila nyumba huja na chombo chake. Siku ya mandari meza ndefu hupangwa chini ya mti, na kila bakuli lina karatasi iliyoandikwa kwa kalamu: hakina nyama, hakina ngano, kina karanga. Baga za maharage hulala wavuni kando ya soseji. Mla nyama choma wa Nairobi angezunguka meza hiyo mara mbili akitafuta mbuzi. Kikombe chenye mwali, alama ya dini yao iliyochorwa na Hans Deutsch mwaka 1941 kwa ajili ya kamati iliyokuwa ikisaidia wakimbizi Lisbon, huwashwa hata nje. Upepo hukizima, mtu hukikinga kwa kofia, kinawashwa tena.

Je, wajua majira hayo hufungwa vipi? Kwa maji. Septemba, baada ya Sikukuu ya Wafanyakazi ya Marekani, watu hurudi na vichupa. Mmoja mmoja hupita mbele, akamimina kwenye bakuli moja kubwa na kusema yametoka wapi: ziwani, baharini, kwenye bomba la nyuma ya nyumba. Aliyesahau huwekewa birika la akiba pembeni. Ibada hiyo ilibuniwa mwaka 1980 na wanawake wawili, Carolyn McDade na Lucile Longview, kwa ajili ya mkutano wa wanawake mjini East Lansing, Michigan. McDade huyo ndiye mtunzi wa “Spirit of Life”, wimbo unaoimbwa mno katika sharika hizo. Tatizo likaja baadaye: ibada ikageuka uwanja wa majigambo. Huyu kaleta maji ya Hawaii, yule ya Ugiriki, na mama aliyeshinda kazini miezi yote mitatu anamimina ya bomba akiwa ameinamisha macho. Ndiyo maana sharika kadhaa zimefuta hadithi za safari; mtu humimina tu akarudi kuketi. Zimefanya vyema.

Je, wajua kwamba waumini wa mkondo huu wapo pia Kenya, Uganda na Burundi? Ila Nairobi Julai ni makoti na chai ya moto, kwa hiyo kalenda ya Boston haina maana yoyote kwao.

Wewe msomaji ukienda kumtembelea ndugu yako Boston mwezi wa Julai na ukatamani kuyaona haya, piga simu kwanza. Huenda ibada ni saa nne badala ya saa tano, huenda iko bustanini, na huenda hakuna hadi Septemba. Wakikuambia ipo na chakula kipo, usiende mikono mitupu. Na kama umetia karanga, andika.