Kufundisha Maneno ya Wachuuzi wa Hisa

Kila kazi ina lugha yake. Wavuvi wana maneno yao, mafundi seremala wana yao, na utingo wa mabasi wana yao ambayo abiria mgeni hayaelewi. Lugha ya wachuuzi wa hisa ilikuwa mbali na shule zetu za msingi kwa muda mrefu. Siku hizi imeanza kuwafikia wanafunzi kwa njia ya redio, magazeti na simu za mkononi za kaka na dada zao. Mwalimu hana budi kujiandaa kuyaeleza maneno hayo, kwani mtoto akiuliza asipate jibu darasani, atalipata kwa yule anayetaka kumwuzia kitu.

Katika makala haya tutaeleza maana za baadhi ya maneno hayo, kisha tutapendekeza namna ya kuyafundisha. Lengo si kumfanya mwanafunzi awe mchuuzi. Lengo ni kwamba alisikiapo neno la soko aweze kuuliza: nani ametenda, na nani amelipa?

Hisa na uchuuzi wa kutwa

Hisa ni sehemu ya umiliki wa kampuni. Mwenye hisa hupata sehemu ya faida, iitwayo gawio, kampuni inapoamua kuigawa. Hisa hununuliwa na kuuzwa katika soko maalumu kwa kupitia dalali. Soko la Nairobi lilianzishwa mwaka 1954. Soko la Dar es Salaam lilianza mauzo mwaka 1998, na kampuni ya kwanza kuorodheshwa ilikuwa TOL.

Wako watu wanaonunua hisa na kukaa nazo miaka mingi wakingoja gawio. Mchuuzi wa kutwa ni tofauti nao. Yeye hununua na kuuza siku ile ile, ili asilale na hisa mkononi. Katika soko la New York, ambalo hufunguliwa saa tatu na nusu asubuhi na kufungwa saa kumi jioni kwa saa za huko, aliyenunua asubuhi hutaka awe ameuza kabla ya kengele ya kufunga. Hajali sana kampuni inatengeneza nini. Anachokitazama ni bei ya dakika ile.

Uchuuzi huu ulienea Marekani hasa katika miaka ya 1990. Ada za madalali, ambazo awali zilikuwa za kiwango kilichopangwa, ziliachiwa huru mwaka 1975, na baadaye kompyuta zikamwezesha mtu wa kawaida kuagiza hisa akiwa nyumbani. Nairobi iliruhusu uchuuzi wa namna hii mwaka 2021. Kwa masoko madogo ya Afrika Mashariki kuna tatizo la ukwasi, yaani wingi wa wanunuzi na wauzaji unaomwezesha mtu kuuza upesi bila kushusha bei. Pasipo ukwasi, aliyenunua asubuhi aweza kukosa mnunuzi jioni.

Istilahi na misimu

Mwanachuo ayatenganishe maneno haya katika makundi mawili. Istilahi ni maneno ya kitaalamu yenye maana iliyokubaliwa; yamo katika mikataba na kanuni za soko. Misimu ni maneno ya mazungumzo yanayozuka katika kundi la watu, yakavuma, na mengine yakafa. Istilahi hufundishwa kwa kufafanua jambo lenyewe. Misimu hufundishwa kwa kuchambua picha iliyomo.

Istilahi nne za lazima

Ya kwanza ni pengo la bei. Katika duka la kubadilisha fedha, ubao huonyesha bei mbili kwa dola moja: bei ya kununua na bei ya kuuza. Sokoni ni vivyo hivyo. Anayenunua hisa na kuiuza papo hapo hupata hasara ya pengo hilo hata kama bei haikubadilika. Mchuuzi anayefanya hivyo mara ishirini kwa siku hulipa pengo mara ishirini, mbali na ada nyinginezo.

Ya pili ni kuuza kwa kuazima. Wanafunzi hudhani haiwezekani kuuza kitu usichokuwa nacho. Tutumie mfano wa mahindi. Juma anaazima debe moja la mahindi kwa jirani na kuliuza kwa shilingi 10,000. Bei ikishuka hadi 7,000, atanunua debe jingine, alirudishe kwa jirani, na kubaki na faida ya 3,000. Lakini bei ikipanda hadi 25,000, bado anadaiwa debe. Atalinunua kwa bei hiyo na kupata hasara ya 15,000. Wanafunzi waone jambo moja: faida yake ina kikomo, maana bei haiwezi kushuka chini ya sifuri, lakini hasara yake haina kikomo. Kiingereza hutumia hapa neno ambalo kwa kawaida lina maana ya ‘fupi’. Mwanachuo asilitafsiri hivyo, kwa sababu neno hilo lina pia maana ya ‘kupungukiwa’, na hiyo ndiyo inayokusudiwa.

Ya tatu ni kununua kwa fedha za dalali. Asha ana shilingi 100,000. Dalali anamkopesha 100,000 nyingine, naye ananunua hisa za 200,000. Bei ikishuka kwa asilimia 25, hisa zake zina thamani ya 150,000. Akilipa deni la 100,000 atabaki na 50,000. Bei imeshuka kwa robo, lakini yeye amepoteza nusu ya fedha zake. Tena, ili arudi alikoanzia, ile 50,000 inapaswa kuongezeka kwa asilimia 100, si kwa asilimia 50. Hasara inapokaribia kula fedha za dalali, dalali humwita aongeze dhamana; asipoongeza, hisa zake huuzwa bila kungoja ridhaa yake. Mfano huu unafaa sana katika somo la asilimia.

Ya nne ni agizo la kukata hasara. Mchuuzi humwagiza dalali auze mara bei ikifika kiwango fulani. Hata hivyo agizo hilo si ukuta. Habari mbaya zikitoka usiku, bei inaweza kufunguka asubuhi ikiwa imekwisha kukiruka kiwango kile, na hisa zikauzwa kwa bei ya chini zaidi.

Misimu na picha zake

Misimu iliyo maarufu zaidi ni ya wanyama. Anayetarajia bei kupanda huitwa fahali. Anayetarajia bei kushuka huitwa dubu. Maneno haya yalikuwa yakitumika London katika karne ya 18, na yahusuyo dubu yanahusishwa na methali ya Kizungu inayoonya dhidi ya kuuza ngozi ya dubu ambaye hajakamatwa. Kwa kawaida soko lililoshuka kwa asilimia 20 au zaidi huitwa soko la dubu. Sanamu ya shaba ya fahali, kazi ya Arturo Di Modica, iliwekwa New York mwezi Desemba mwaka 1989 na ingalipo. Fahali mwanafunzi wetu anamjua, dubu hamjui. Yafaa mwalimu aonyeshe picha yake kabla ya kuendelea.

Kudaka kisu kinachoanguka ni kununua hisa ambayo bei yake bado inaporomoka, kwa kudhani imefika mwisho. Mruko wa paka mfu ni kupanda kidogo kwa bei baada ya kuporomoka, kabla ya kushuka tena. Maana yake ni kwamba hata paka mfu akitupwa kutoka juu ataruka kidogo akigonga chini. Msimu huu ulichapishwa katika gazeti la Financial Times mwaka 1985, katika habari za masoko ya Singapore na Malaysia.

Kudonoa, kama tutakavyouita sisi mchezo wa kutafuta faida ndogo ndogo mara nyingi kwa siku, wenyewe huuita kwa neno lenye maana ya kuchuna ngozi ya kichwa. Mwenye mikono ya almasi ni yule asiyeuza hata bei ikishuka. Mwenye mikono ya karatasi ni yule auzaye upesi kwa hofu. Kuvimbisha na kumwaga ni hila ya watu wachache wanaonunua hisa za bei ndogo, wakazisifu kwa uongo hadi bei ipande, kisha wakawauzia wengine. Anayebaki na hisa hizo huitwa mbeba gunia. Mswahili angesema ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mtenda yuko wapi?

Sasa tufike penye kiini. Tukiichunguza misimu hii kisarufi, tutaona kwamba mara nyingi haina mtenda. Kisu kinaanguka, lakini hakuna aliyekiangusha. Paka ni mfu, lakini hakuna aliyemtupa. Ukweli ni kwamba bei haishuki yenyewe: imeshuka kwa sababu kuna watu waliokubali kuuza kwa bei ya chini, na kuna mtu aliyepungukiwa.

Misimu mingine hugeuza hasara kuwa sifa. Mwezi Januari mwaka 2021 wachuuzi wengi wa Marekani walinunua kwa pamoja hisa za GameStop, kampuni inayouza michezo ya kompyuta. Mwanzoni mwa mwezi hisa moja ilikuwa chini ya dola 20. Tarehe 28 ilifika dola 483. Matajiri waliokuwa wameuza kwa kuazima walipata hasara kubwa, nao wachuuzi wakashangilia. Lakini katikati ya Februari bei ilikuwa imeshuka hadi dola 50 hivi. Aliyenunua kwa dola 300 akakataa kuuza aliitwa mwenye mikono ya almasi. Jina lilikuwa zuri, na fedha zilikwisha kwenda.

Kiswahili kinaweza kutusaidia kuliona jambo hili, maana baadhi ya maneno yetu ya biashara hubeba hukumu waziwazi. Kulangua ni kununua kwa wingi ili kuuza kwa bei ya juu, na hakuna asifiwaye kwa kulangua. Tanzania ilipoendesha kampeni dhidi ya wahujumu uchumi mwaka 1983, neno mlanguzi lilitosha kuwa shutuma. Hatusemi kwamba kila mchuuzi wa hisa ni mlanguzi. Tunasema kwamba neno moja humwonyesha mtenda na lingine humficha, na mwanafunzi anastahili kuijua tofauti hiyo.

Tofauti hiyo ina uzito. Nchini Brazil wataalamu waliwafuatilia watu walioanza uchuuzi wa kutwa kati ya mwaka 2013 na 2015 katika mikataba inayofuata bei za hisa. Kati ya 1,551 waliodumu zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipata hasara. Waliopata zaidi ya mshahara wa kima cha chini walikuwa asilimia 1.1 tu. Nchini India, mamlaka ya masoko ya mitaji ilieleza mwaka 2024 kwamba wachuuzi saba katika kila kumi walipata hasara katika mwaka wa fedha wa 2022/23. Vijana wanaoingia humo hawaanzi kwa kusoma takwimu hizi. Huanza kwa kujifunza misimu, na wakishaizungumza hudhani wameijua kazi.

Namna ya kufundisha

Tunapendekeza hatua tatu kwa darasa la sita au la saba.

Hatua ya kwanza ni kuanzia kinachojulikana. Wanafunzi wataje maneno ya sokoni kwao: lumbesa, dalali, ulanguzi, bei ya kuruka. Kwa kila neno waulizwe nani hufaidika na nani huumia.

Hatua ya pili ni mchezo wa vizibo vya soda. Chagua wanafunzi kumi, kila mmoja awe na vizibo vinne. Watatu kati yao wapewe kadi saba, nao wajue kwamba thamani ya kila kadi ni kizibo kimoja. Watatu hao wauziane kwa sauti kuu, kwanza kwa vizibo viwili, kisha kwa vitatu. Saba waliobaki wanunue kadi moja moja kwa vizibo vinne. Halafu mwalimu atangaze kwamba hakuna atakayenunua kadi kwa zaidi ya kizibo kimoja. Darasa lipige hesabu: watatu wamepokea vizibo 28 kwa vitu vyenye thamani ya 7, yaani faida ya 21, saba wamepoteza vitatu kila mmoja, yaani 21. Jumla ya vizibo ni 40 kama mwanzo. Hakuna kilichozalishwa. Baada ya hapo ndipo mwalimu aandike ubaoni ‘kuvimbisha na kumwaga’.

Hatua ya tatu ni ya sarufi. Mwalimu aandike sentensi isiyo na mtenda, kwa mfano, ‘Hisa zimeanguka.’ Wanafunzi waiandike upya wakimtaja mtenda na mtendwa: ‘Wenye hisa wengi wameuza kwa hofu, na walionunua jana wamepata hasara.’ Sentensi ya pili ni ndefu na haina mvuto wa ile ya kwanza, lakini ndiyo inayoeleza kilichotokea.

Mwalimu ajihadhari na makosa mawili. Asiwakaririshe wanafunzi orodha ya misimu, kwani atakuwa amewapa pambo bila maarifa. Wala asilaani soko zima la hisa, kwani ununuzi wa hisa kwa ajili ya gawio ni njia halali ya kuweka akiba, na wazazi wengine wanaitumia.

Maswali ya mjadala kwa wanachuo

1. Chagua msimu mmoja katika makala haya na uuandike upya kwa sentensi inayomtaja mtenda na mtendwa.

2. Mwanafunzi wa darasa la saba anakuuliza: “Mwalimu, kaka yangu anasema ana mikono ya almasi. Je, atatajirika?” Andaa jibu la dakika tatu.

3. Tunga mfano wa kuuza kwa kuazima kwa kutumia zao la mahali unapofanyia mazoezi ya kufundisha.